Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Tehanu, Kitabu cha Nne cha Earthsea

Haya ni maswali yanayorudi kila msomaji mpya anapofika kitabu cha nne cha Earthsea akakwama, akakasirika, au akakipenda halafu akaona haya kusema. Kwetu sisi Tehanu ni kitabu kinachopuuzwa, na majibu haya yanakitetea. Sehemu mbili za mwanzo hazifichui mwisho wa hadithi. Kuanzia sehemu ya lawama tunausema waziwazi.

## Mambo ya msingi

Tehanu ni kitabu gani?

Ni riwaya ya nne katika mfululizo wa fantasia wa mwandishi wa Marekani Ursula K. Le Guin (1929–2018). Tatu za mwanzo zilifuatana kwa karibu: A Wizard of Earthsea mwaka 1968, The Tombs of Atuan mwaka 1971 na The Farthest Shore mwaka 1972. Kisha miaka 18 ikapita kimya. Tehanu kikatoka mwaka 1990, kikiwa na sura 14.

Earthsea ni dunia ya visiwa na bahari, ambamo kila kitu kina jina lake la kweli katika lugha ya kale, na anayelijua jina hilo ana mamlaka juu ya kitu chenyewe. Vitabu vya mwanzo vinamfuata zaidi Ged, mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont aliyepanda hadi kuwa mkuu wa wajuzi wote wa sihiri. Tehanu kinarudi Gont, ila safari hii tunamfuata Tenar. Huyu ndiye yule msichana aliyekuwa kuhani wa makaburi ya Atuan katika kitabu cha pili. Sasa ni mjane wa makamo, ana shamba, ana mtoto wa kike aliyeolewa mjini na wa kiume aliye baharia, na analea mtoto mdogo, Therru, ambaye walezi wake mwenyewe walimwumiza na kumsukumia motoni. Upande wa kulia wa uso umeungua, jicho limekwenda, na mkono umekunjamana kama ukucha.

Kitabu kilipewa tuzo. Sasa kinapuuzwa vipi?

Kweli kilipata Nebula ya riwaya bora ya 1990, na Locus ya riwaya ya fantasia mwaka uliofuata. Lakini Nebula hupigiwa kura na waandishi wenyewe, na aliyewahi kuandika huona haraka ugumu wa kazi iliyofanyika humu. Wasomaji waliokulia na vitabu vitatu vya mwanzo walikuwa na hesabu nyingine: walimngoja Ged miaka 18, wakaletewa mwanamume mgonjwa anayejificha watu wasimwone.

Ndiyo maana mpaka leo ushauri unaosikika sana ni "soma vile vitatu, ishia hapo". Huo ndio upuuzaji tunaousema. Kitabu hakikunyimwa sifa, kimenyimwa wasomaji waliofika mlangoni wakageuzwa.

Mpangilio sahihi wa kusoma ni upi?

Fuata miaka ya kuchapishwa: A Wizard of Earthsea, The Tombs of Atuan, The Farthest Shore, Tehanu, Tales from Earthsea, kisha The Other Wind. Viwili vya mwisho vyote ni vya mwaka 2001, na hapo ndipo watu wanapojikwaa. Kwa kuwa Tales from Earthsea ni mkusanyiko wa hadithi fupi, wengi huuacha kama nyongeza ya kusoma baadaye. Usifanye hivyo. Hadithi yake iitwayo "Dragonfly" inamtambulisha Irian, ambaye anaingia The Other Wind bila kuelezwa upya, na asiyeisoma hubaki akijiuliza mgeni huyu katoka wapi.

Naweza kuanza moja kwa moja na Tehanu?

Unaweza, ila utaila hasara. Kama muda ni mchache, soma The Tombs of Atuan peke yake kisha uingie Tehanu. Ni kitabu kifupi, na bila hicho hutajua Tenar alikuwa nani: mtoto aliyechukuliwa kwao, akanyang'anywa jina, akaitwa Arha, yaani aliyeliwa, akatawala giza chini ya ardhi mpaka Ged alipofika akamrudishia jina lake. Mtu wa namna hiyo anapomchukua mtoto aliyetupwa motoni, kila tendo lake lina historia nyuma yake.

Kutoka kitabu cha tatu unahitaji mambo mawili tu. Ged aliumaliza uwezo wake wote alipofunga mlango uliokuwa wazi kati ya walio hai na waliokufa. Na kijana Arren aliyesafiri naye sasa ni mfalme, kwa jina lake la kweli Lebannen.

Toleo lipi ninunue?

Ukinunua kilichotumika, soma jalada kwa makini. Mjalada mmoja wa Penguin ulioandikwa The Earthsea Trilogy una vitabu vitatu tu, Tehanu haimo. Ule ulioandikwa The Earthsea Quartet, wa mwaka 1993, unavyo vyote vinne, na mara nyingi ndio njia rahisi ya kukipata.

Mwaka 2018 ulitoka mjalada mkubwa, The Books of Earthsea, wenye michoro ya Charles Vess na kila kitu cha Earthsea ndani yake, pamoja na hadithi ya mwisho kabisa, "Firelight". Ni mzuri sana, lakini una karibu kurasa 1,000 na uzito wake si wa kusomea kitandani wala kwenye daladala. Kwa kusoma mara ya kwanza chukua kitabu kimoja kimoja, au cha kielektroniki.

## Wakati wa kukisoma

Nimefika sura ya 6 na hakuna kinachotokea. Niendelee?

Hapo ndipo wengi wanapokiweka chini. Sura za 5 hadi 8 ziko kijijini Re Albi: Ged amelala, anaamka, anakula kidogo, hataki kuonwa. Tenar anafua, anakamua mbuzi, anashona, anazungumza na Moss, bibi mganga wa kijiji asiyependa kuoga. Ukisoma ukingoja sihiri, utachoka.

Badilisha unachokitafuta. Angalia mambo matatu: nani anamwogopa Therru na anaonyeshaje, nani anamsikiliza Tenar anapozungumza na nani hamsikii, na Ged anafanya nini kila mtu anapobisha hodi. Ukizishika nyuzi hizo, utaona sura hizo hazijasimama hata kidogo. Hofu inapanda polepole, kama maji yanavyopanda mikokoni, na ukija kushtuka yamekufika magotini.

Ushauri wa vitendo: usizigawe sura hizo kwa siku nne. Zisome kwa vikao viwili. Ukizikatakata zinapoteza mvutano wake na zinabaki kazi za nyumbani tu.

Ukifika sura ya 9 umevuka. Humo Tenar anapigwa laana na akili inamvurugika, hawezi kupanga wazo kwa lugha ya Gont aliyoizungumza miaka yote ya ndoa. Anachofanya ni kurudi kwenye Kikarg, lugha ya utotoni, na kwa lugha hiyo anaweza kuwaza, akamshika mtoto mkono, wakaondoka. Mtu yeyote anayeishi kwa lugha mbili au tatu atajua mara moja mwandishi anasema nini.

Kinafaa kwa watoto?

Vitatu vya mwanzo huwekwa kwenye rafu za vijana, na duka nyingi hukipanga hiki pamoja navyo. Tehanu kina ubakaji wa mtoto (hauonyeshwi ukitendeka, lakini unasemwa), kina kuunguzwa, kina mauaji ya mwanamke mjamzito, na kuna sura ya mwisho ambamo Tenar anadhalilishwa vibaya. Hakuna hata kimoja kilichowekwa kwa ajili ya kusisimua. Hata hivyo mtoto wa miaka kumi aliyependa mashua na majoka hapaswi kukutana nacho peke yake. Kwa kijana wa sekondari tunasema ndiyo, iwapo kuna mtu mzima aliyekisoma wa kuzungumza naye.

Watu wa Earthsea ni weusi?

Wengi wao, ndiyo, na hili halikuja baadaye. Tangu 1968 Ged ana ngozi ya hudhurungi nyekundu kama shaba, na rafiki yake Vetch ni mweusi kabisa. Weupe ni Wakarg, watu wa mashariki, ambao visiwa vingine huwaona kama washenzi wavamizi. Miaka mingi majalada yaliwachora mashujaa weupe, na kipindi cha televisheni cha mwaka 2004 kikafanya vivyo hivyo, jambo ambalo Le Guin alilikemea hadharani.

Katika Tehanu jambo hili lina kazi. Tenar ndiye mweupe pekee kijijini. Jina analoitwa, Goha, ni la buibui mdogo mweupe wa Gont anayefuma utando. Ni jina la upendo, lakini linamkumbusha kila siku kwamba ni wa kuja.

Kikundi chetu cha kusoma kina wiki nne. Tugawe vipi?

Wiki ya kwanza sura 1–4, ya pili 5–8, ya tatu 9–11, ya nne 12–14. Mpangilio huu unamleta joka Kalessin mwishoni mwa wiki ya kwanza, kwa hiyo watu wanaingia sura za polepole wakiwa na kitu mkononi. Wiki ya pili ndiyo yenye hatari ya kuvunja kikundi. Wape watu zile nyuzi tatu tulizozitaja kwenye swali la sura ya 6, kila mmoja moja.

Kosa la kawaida ni kuanza mjadala kwa swali la "je, kinalingana na vile vitatu?" Swali hilo hula kikao kizima. Liwekeni wiki ya nne.

## Lawama, na majibu yake

Kwa nini Le Guin alimdhalilisha Ged?

Hakuanza hapa. Ged alipoteza uwezo wake mwishoni mwa kitabu cha tatu, na wimbo wa kishujaa ukamalizia kwa joka kumbeba kumrudisha kwao. Tehanu kinauliza swali ambalo wimbo hauulizi: akishateremka mgongoni mwa joka, anakula nini, analala wapi, na anamwambia nini jirani?

Ana aibu. Wajumbe wa mfalme wanakuja kumwita kwenye kutawazwa, yeye anakimbilia milimani kuchunga mbuzi. Wasomaji wengi huchukia hapo. Lakini angalia Moss anachomweleza Tenar: wajuzi wanaume hujifunga kwa sihiri wasiguse wala wasitamani mwanamke, maisha yao yote. Kwa hiyo Ged aliyepoteza uwezo ni mzee wa heshima aliyerudi kuwa mvulana wa miaka kumi na mitano, hajui hata pa kuanzia. Kumdhalilisha kungekuwa kumwacha hapo. Kitabu hakimwachi. Majira ya baridi anateremka kutoka mlimani akiwafuatilia watu wabaya wanaoelekea shambani kwa Tenar, na anawakabili kwa uma wa kuchotea nyasi badala ya fimbo ya ujuzi. Kisha anabaki.

Kwa maoni yetu, Ged wa kitabu hiki ni mtu kamili kuliko yule wa cha tatu, ambaye alishakuwa mwalimu wa hekima na sentensi zake zote zilikuwa tayari kuchongwa kwenye jiwe.

Si mahubiri tu ya haki za wanawake?

Kuna kurasa chache ambazo mazungumzo ya Tenar na Moss, na baadaye ya Tenar na Ged, yanauliza moja kwa moja uwezo wa mwanamke ni nini na wa mwanamume ni nini. Zinasikika kama hoja, na anayezilaumu hakosei sana. Ila kinachobaki kichwani baada ya kusoma ni vitu vidogo vilivyotendeka.

Mwana wa Tenar, Spark, anarudi kutoka baharini. Shamba kwa sheria ya Gont ni lake. Anakula chakula alichopikiwa, na mama yake anapomtaka aondoe vyombo vyake anajibu kwamba hiyo ni kazi ya wanawake. Hakuna hotuba. Kuna sahani mezani, na mama anayetambua kwamba mtoto huyu amemlea yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Anayetaka kukipinga kitabu apingane na sahani hiyo kwanza.

Mbona kinapingana na vitabu vya mwanzo kuhusu sihiri ya wanawake?

Hakuna kanuni hata moja ya dunia iliyobadilishwa. Kitabu cha kwanza kabisa kinataja misemo ya Gont inayosema sihiri ya mwanamke ni dhaifu na ni mbaya. Kilitajwa kama jambo linalojulikana, hadithi ikaendelea. Shule ya sihiri ya kisiwa cha Roke ilikuwa ya wanaume watupu, na hakuna aliyeuliza. Tehanu kinaichukua misemo ileile na kuwauliza waliokuwa wakisemwa.

Mfano mzuri uko kwenye meli ya mfalme, sura ya 10. Roke haina mkuu. Mmoja wa mabwana wa Roke ameota au ameona maneno haya tu: mwanamke wa Gont. Bwana mwenzake anamweleza Tenar wanavyoyafasiri: lazima yupo mwanamke atakayewaelekeza kwa mwanamume wanayemtafuta. Kwamba jibu lenyewe linaweza kuwa mwanamke, haliwaingii akilini wenye hekima wote wa Roke. Msomaji wa vitabu vitatu vya mwanzo naye, tukubali, halikuwa limemwingia.

Mwisho umetoka wapi? Joka linashuka tu na kumaliza kila kitu?

Hii ndiyo lawama tunayoikubali nusu. Sura ya 14 ina haraka. Aspen, mjuzi wa nyumba ya bwana wa Re Albi na mfuasi wa adui aliyeshindwa katika kitabu cha tatu, anawanasa Tenar na Ged, anamfanya Tenar atambae kama mbwa, anawapeleka ukingoni mwa jabali wajirushe. Kalessin anakuja, moto, kwisha. Aspen mwenyewe hakupewa nafasi ya kutosha. Ni chuki tupu yenye fimbo mkononi, na mwandishi mwenye uwezo huu angeweza kumpa zaidi.

Nusu tusiyoikubali ni ile ya kusema joka halikutayarishwa. Wengi hawaoni kwamba katika sura hiyo hadithi inaacha macho ya Tenar, ambayo tumekuwa nayo kitabu kizima, na kuingia kwa Therru. Ni yeye aliyepanda jabalini na kumwita Kalessin, kwa lugha ambayo hakuna aliyemfundisha. Halikuja lenyewe. Liliitwa na binti yake, na linamwita kwa jina lake la kweli, Tehanu. Dalili zake zimepandwa tangu sura ya 2. Tumezikusanya kwenye swali la kurudia kusoma, hapa chini.

## Kwa wanaokipenda tayari

Rafiki yangu aliacha katikati. Nimsomee kipande gani?

Viko viwili, na vyote ni vifupi.

Cha kwanza ni kifo cha Ogion, sura ya 3. Mzee huyu, mwalimu wa kwanza wa Ged, anafia chini ya mti msituni, na kabla ya hapo anampa Tenar jina lake la kweli, Aihal, kwa sababu jina la mjuzi husemwa anapokufa. Wanafika wajuzi wawili, mmoja kutoka Gont Port na mwingine wa Re Albi, kila mmoja akitaka maiti izikwe kwake. Tenar anawaambia jina. Wanaendelea kubishana. Kisha wanauliza: jina lake lilikuwa nani? Lilishasemwa, mbele yao, wakiwa wamesimama pale. Hasira ya Tenar hapo haina kifani, na haihitaji kujua vitabu vingine.

Cha pili ni kipepeo cha mfumaji, yaani kipepeo cha kujipepea, si mdudu. Re Albi kuna mzee mfumaji ambaye ana kipepeo kikubwa cha kale, cha karatasi au hariri iliyochorwa, kimetundikwa ukutani. Upande unaoonekana una mabwana na mabibi wa nyakati za ufalme. Anakigeuza: upande wa pili kuna majoka. Kisha anakiinua mbele ya mwanga, na picha mbili zinaingiana, watu wana mabawa na majoka yanatazama kwa macho ya kibinadamu. Kitabu kizima kimo ndani ya kipepeo hicho, na mzee anakirudisha ukutani kama kilivyokuwa, watu nje, majoka yakitazama ukuta.

Nikirudia kusoma nitazame nini?

Rudia mara tu unapomaliza, angalau sura 4 za mwanzo, kabla mwisho haujapoa.

Njiani kwenda Re Albi Tenar anamsimulia mtoto habari za mwanamke wa Kemay, bibi aliyeonekana na Ogion kuwa binadamu na joka kwa pamoja. Mara ya kwanza unaisoma kama hadithi ya kumtulizia mtoto mguu. Mara ya pili unamtazama anayesikiliza. Sura inayofuata Ogion anamtazama Therru, anasema watamwogopa, na anamwagiza Tenar amfundishe yote, ila asimpeleke Roke. Jina Therru lenyewe lina maana ya mwako wa moto. Waganga wanawake wawili, kwa nyakati tofauti, wanajitenga naye kwa hofu wasiyoweza kuieleza, na Aspen anamchukia kabla hajafanya lolote. Sikiliza pia sauti yake inavyoelezwa: kavu, ya kukwaruza. Mara ya kwanza unadhani ni koo lililoungua.

Tukikizungumzia kwa Kiswahili, tutumie maneno gani?

Hapa kuna kazi ya kweli, na anayekimbilia "mchawi" anakiharibu kitabu kwa neno moja. Kwetu mchawi ni mtu wa kudhuru, na hadithi inategemea tofauti ambayo neno hilo linaifuta: wanaume wasomi wa Roke wanaheshimiwa, wanawake wa kijijini wenye uwezo uleule wanadharauliwa. Ukiwaita wote wachawi, tofauti imekufa. Ukiwaita wanaume wajuzi na wanawake wachawi, umeshaungana na Aspen. Sisi tunasema mjuzi wa sihiri kwa wale wa Roke na mganga kwa Moss na wenzake. Hailingani kikamilifu, lakini mganga ana nafasi ileile katika kijiji: anahitajika usiku, anasemwa mchana.

Moss mwenyewe huitwa shangazi na kijiji kizima. "Shangazi Moss" humfanya dada wa baba wa mtu. "Bi Moss" hukaa vizuri zaidi mdomoni.

Joka nalo linahitaji maneno mawili ya ziada, kwa sababu masikioni mwa wengi joka ni nyoka mkubwa wa pangoni. Sema mapema kwamba haya yana mabawa, miguu na maneno. Jina la kuitwa na jina la kweli halitampa mtu shida, maana wengi wetu tuna la nyumbani na la shuleni.

Kalessin ni dume au jike?

Kitabu hakisemi, na ni kwa makusudi. Msomaji wa Kiingereza hulazimika kuchagua kiwakilishi na kubishana. Kwa Kiswahili unasema "alikuja", "akasema", na fumbo linabaki salama bila jasho. Ni mahali pamoja ambapo lugha yetu inakibeba kitabu hiki kirahisi kuliko ile iliyokiandika.

Filamu ya Studio Ghibli inakihusu?

Kwa mbali. Filamu ya mwaka 2006 ya Goro Miyazaki inaitwa Tales from Earthsea, lakini sehemu kubwa inachota kutoka kitabu cha tatu na hiki cha nne. Therru yumo, mkubwa kiasi, mwenye kovu usoni, na anaimba. Tenar yumo pia na shamba lake. Aliyeiona filamu kwanza asidhani ameshajua hadithi: mfalme anayeuawa na mwanawe mwanzoni hayumo katika kitabu chochote.

Jaladani imeandikwa ni kitabu cha mwisho cha Earthsea. Mbona kuna vingine?

Mwandishi aliamini hivyo mwaka 1990, na kijina hicho kikachapwa. Baadaye, katika utangulizi wa Tales from Earthsea, alijicheka kwa kukiweka. Kinachokupasa kujua kama mnunuzi ni kwamba toleo lenye maneno hayo halijapungukiwa na kitu. Ni Tehanu ileile.

Je, Therru anapona?

Katika kitabu hiki, hapana. Uso na mkono wake ni vilevile kwenye ukurasa wa mwisho, na Kalessin hamponyi. Anapewa nafasi ya kuondoka na majoka, anachagua kubaki na Tenar na Ged, na watatu hao wanarudi kwenye nyumba ndogo ya Ogion yenye mbuzi wa kukamua. Kwa anayetaka kujua mengine juu yake, The Other Wind kinaendelea na habari zake, na huko jibu ni tofauti.